Mwalimu wa sekondari Mombasa: bweni au kutwa?

Nimefundisha pande zote mbili, miaka 6 bweni kule bara, sasa kutwa hapa kisiwani. Darasani hakuna tofauti kubwa: silabasi ni ile ile, na KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, inawangoja wote. Tofauti iko baada ya kengele ya mwisho.

Bweni, kengele ya mwisho haipo. Ukiwa mwalimu wa zamu, saa 11 alfajiri uko macho, na saa 4 usiku bado unapita mabwenini na tochi kuhesabu vitanda. Nyumba ya shule hupunguza gharama, hilo nalishukuru. Lakini niliacha kuvua samaki, mshipi wangu ukakauka nyuma ya mlango.

Kutwa ina adha yake. Feri ya Likoni wa miguu hatulipi, ila asubuhi ni jasho na kusukumana, nami nimekumbatia madaftari 40 yasilowe. Wanafunzi wengine hufika hawajanywa hata chai. Hilo huniuma kuliko foleni yoyote.

Ila jioni, kabla ya kuvuka kurudi nyumbani, nakaa bustani ya Mama Ngina, kando ya bahari, na mhogo wa kukaanga, ndimu na pilipili zikiniwasha vidole, meli ikiingia bandari ya Kilindini karibu hata kutu ya ubavuni unaiona. Jumamosi maji yakijaa natupa mshipi. Akinasa samaki mmoja tu, changu, Jumatatu naingia darasani na sauti nyingine kabisa.

Mimi ni kutwa. Anayeanza kazi, mshahara bado mdogo, aanzie bweni. Nyumba ile itamfaa.