Mizani au futikamba: kipi kikutie moyo unapopungua polepole?

Anayepungua vizuri hupoteza nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki. Mizani huficha hilo, kwa sababu maji na chakula kilichomo tumboni huweza kupandisha uzito kilo moja au zaidi kwa siku. Ukila kayabo (samaki wa chumvi) na ugali usiku, chumvi hushika maji. Asubuhi namba imepanda ilhali mafuta hayajaongezeka. Hapo wengi hukata tamaa, na inauma, maana walikuwa wanafanya vema. Ukitumia mizani, jipime asubuhi baada ya haja, kabla ya chai, kisha linganisha wastani wa wiki kwa wiki. Mizani ya kulipia mitaani Mwanza haifai kwa hili: leo una viatu, kesho umetoka kula.

Futikamba ya fundi cherehani haiyumbishwi sana na chumvi. Izungushe kiunoni, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, toa pumzi, usiibane. Kila wiki mbili inatosha. Wengi hukosea kwa kubadili mahali pa kupimia.

Kwa anayepanda kilima cha Bugando, Mwanza, kwa miguu, kiuno huweza kupungua hata kilo zikigoma. Mwezi wa kwanza, chagua futikamba.