Dina ya khantoke Chiang Mai na ngoma zake: inalipa au hailipi?

Mambo vipi wadau, karibuni. Leo nawachambulia khantoke, ile dina ya Chiang Mai kaskazini mwa Thailand, mnakaa chini kwenye mikeka, linaletwa sinia la duara lenye miguu, na mkiwa mnakula wachezaji wanapanda jukwaani. Jibu nalitoa mapema kabisa: nendeni, ila nendeni kwa ajili ya ngoma za kaskazini, hizo zingine hesabuni nyongeza.

Chakula napita haraka. Wali wa kunata unaliwa kwa mkono, kuku wa kukaanga, kabichi, mchuzi wa hang le, na nam phrik ong ya nyanya na nyama ya kusaga. Waislamu sikilizeni hapa, hang le ni nguruwe, nam phrik ong kwa kawaida nayo nguruwe, na vile vikavu vya kutafuna ni ngozi ya nguruwe iliyokaangwa, kwa hiyo semeni siku ile ile mnabuku kwamba mnataka halali au mboga tupu, msingoje sinia lishatua mbele yenu.

Sasa ngoma. Fon lep jamani! Wanatoka wanawake kwa mstari, maua kwenye nywele, kucha ndefu za shaba kwenye vidole vinane, gumba peke yake ndio halivai, na wanakwenda taratibuuu. Sisi tuliozoea ngoma ya kiuno mwanzoni utahisi hakuna kinachoendelea, lakini hamisha macho uangalie vifundo vya mikono, vinazunguka pamoja wote kama wamefungwa uzi mmoja, hapo ndo utaelewa kwa nini zamani ngoma hii ilitangulia maandamano ya kwenda hekaluni. Usiku wanavua kucha wanashika mishumaa, inaitwa fon thian, taa za ukumbi zikipunguzwa ni nzuri mno.

Na hizi ngoma kuna mtu wa kumshukuru, Dara Rasmi, binti mfalme wa Chiang Mai aliyeolewa na mfalme Chulalongkorn kule Bangkok, mume akafariki 1910, yeye akarudi kwao 1914 na akazibeba sana ngoma za Lanna, yaani ufalme wa zamani wa huku kaskazini, mpaka alipofariki 1933. Mimi namheshimu sana huyu mama.

Fon dap ya mapanga ndo inayopigiwa makofi mengi, jamaa anabeba mapanga mabegani, kwenye viwiko, mpaka mdomoni, watoto wataipenda.

Penye udhaifu ni pale wanapotaka kukuonyesha Thailand nzima kwa saa moja. Soeng kratip ya Isan, kaskazini-mashariki mwa Thailand, ile ya vikapu vya wali, bila khaen, ile ala ya mianzi ya kupuliza, kupulizwa laivu inapoa kabisa. Nora ya kusini ndo inaniuma zaidi, ile iliingia orodha ya UNESCO 2021 na kule kwao ina ibada ya kuwaheshimu walimu waliotangulia, huwezi kuikata dakika chache kati ya supu na matunda. Ukiitaka kweli shuka Phatthalung au Songkhla.

Kabla hujalipa uliza swali moja tu, muziki ni laivu au wa spika? Kama ni laivu omba sehemu karibu na wapigaji, na ukae upande ambao nguzo haikuzibii mikono ya wachezaji.