Uzoefu wangu: kazi kwenye hoteli za kampuni ya nje inayozidi kukua, hapa Unguja

Jamani wengi mnaniuliza kuhusu kazi yangu, hasa vijana wa huku kaskazini, naandika yote. Kampuni ni ya nje, makao makuu Uingereza, naingia mie wana hoteli moja tu Nungwi, sasa wana na Paje na nchi nyengine wanazidi kufungua.

Uzuri upo wallahi. Mshahara unaingia kwa tarehe, makato ya ZSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Zanzibar, ukenda kuangalia unayakuta. Mwanzo mfumo wao ulikuwa unaijua Tanzania kwa NSSF tu, mfuko wa bara, ikabidi mhasibu wa hapa apiganie mpaka wakafahamu Zanzibar tuna mfuko wetu. Hoteli nlofanya kabla, masika ikishika mwezi wa nne na wa tano wageni hakuna, tunaambiwa kakaeni nyumbani mtaitwa, mshahara ndo basi, huku masika wanasomesha watu. Mie nimesomeshwa bukingi hapo hapo nikiwa mapokezi na leo ni supavaiza, maana kampuni ikifungua hoteli mpya lazima watake wakubwa wapya, kwenye hoteli ya mtu na mkewe utakaa mapokezi mpaka uzeeke.

Sasa ubaya. Zamani ukiwa na shida unagonga mlango wa meneja, mnazungumza, yamekwisha. Tangu wamekuwa wakubwa kila ombi linapita kwenye kompyuta na anaekubali ni mtu wa mbali asokujua. Mwenzetu wa jikoni kafiwa na mama yake mdogo Pemba, na sisi maiti hatumlazi, khabari ukiipata asubuhi adhuhuri au laasiri anazikwa, na boti ya Pemba si daladala useme inakuja nyengine. Kwenye orodha yao ya msiba mama mdogo hayumo, wana mzazi, mke, mume na mtoto, na huyo mama mdogo ndo aliemlea! Meneja anaelewa vizuri tu lakini mkono wake umefungwa, ruhusa imekuja watu washatoka makaburini. Hili limeniuma na bado linaniuma.

Ramadhani nayo walikuwa wanaweka kikao cha mtandaoni saa tisa mchana ya London, kwetu kumi na mbili jioni, watu wanataka kufuturu. Tukawaandikia pamoja, wakakisogeza asubuhi, kwa hivyo wakiambiwa wanasikia, shida ni kuwa mpaka uwaambie.

Ukiitwa intavyuu kampuni za namna hii usiulize mshahara peke yake, uliza ruhusa ya dharura anasaini nani, yuko hapa au yuko nje, na masika mnalipwa au mnarejeshwa nyumbani, na wakujibu kwenye mkataba si kwa mdomo. Mie nawapa nyota nne kwa tano, ya tano nimeizuia mpaka ruhusa ya msiba irudi kwa meneja wa hapa.