Pedi za breki kwa pikipiki za Mombasa: tazama bamba kabla ya unene

Tangu masika yaishe nimekuwa nikipokea malalamiko ya namna moja, mengi kutoka kwa wenzetu wa Likoni na Mtongwe. Pedi zilikuwa nene bado, fundi alisema zina maisha, halafu siku moja breki ya mbele ikaanza kukwaruza chuma kwa chuma. Kalipa, yaani kile chuma kinachobana pedi kwenye diski, ikifunguliwa, ndani kumebaki bamba tupu. Lainingi, yaani ile sehemu inayosugua diski, imebanduka nzima na kuangukia njiani. Mwenye pikipiki anamlaumu fundi, fundi anamlaumu mwenye duka, na mwenye duka anasema wewe unabana breki sana.

Hakuna aliyebana sana. Pedi zile zimeuliwa na chumvi.

Unene, ulaini na sauti ya pedi kila mtu anavijua, sitapoteza muda navyo. Nataka utazame pale lainingi inaposhikana na bamba la chuma. Pedi ya kawaida ni mchanganyiko uliogandishwa kwa gundi na joto juu ya bamba hilo. Rangi ya bamba ikichubuka, maji ya chumvi hupenya, na kutu huanza chini ya lainingi. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwa pale, kwa hiyo huisukuma lainingi juu kidogo kidogo mpaka gundi iachie. Hapa mezani nina pedi kuukuu iliyotolewa kwenye pikipiki inayovuka feri kila siku. Lainingi yake inazidi milimita 3, yaani kwa kipimo cha unene ingeendelea kutumika. Lakini ubavuni ina mstari wa rangi ya kahawia kutoka ncha hadi ncha, na ukipitisha ukucha pale, unaingia.

Na wanaoumia zaidi ni waendeshaji wazuri. Ukiteremka kutoka Mazeras kuja Miritini ndani ya gia ya tatu, mkono wa mafuta umeufunga, injini ndiyo inayozuia tairi ya nyuma, na pedi za mbele huzigusi ila mwishoni. Pedi kama hizo hukaa muda mrefu sana, na muda ndio chumvi inaoutaka. Anayetia fri, yaani anayetoa gia kabisa, kileleni na kuning'inia kwenye breki hadi chini humaliza pedi upesi, anabadilisha mapema, na kutu haimpati.

Tafadhali usinisome vibaya ukaanza kutia fri. Breki inayobeba mteremko mzima peke yake hupata moto, na breki yenye moto hulegea wakati unaihitaji. Hata hoja ya kuokoa petroli haisimami: pikipiki za injekta kwa kawaida hukata petroli kabisa ukifunga mafuta ukiwa ndani ya gia, lakini ukitia fri injini lazima inywe ili isizime. Shusha gia moja moja, achia klachi polepole. Kwenye gati la feri, ambako zege limelowa maji ya bahari na ukijani, kushusha gia mbili kwa mpigo kunaweza kukuteleza tairi ya nyuma katikati ya watu wanaotembea kwa miguu. Na kumbuka injini ikizuia, taa ya breki haiwaki. Kwenye daraja la Nyali matatu iliyo nyuma yako haijui kama unapunguza mwendo, kwa hiyo gusa mkono wa breki kidogo tu, taa iwake.

Sasa tununue.

Nafasi ya kwanza naipa EBC ya Uingereza, zile zenye herufi HH mwishoni mwa namba. Hizi ni za unga wa chuma uliogandamizwa na kuchomwa tanuruni mpaka ukaungana na bamba lenyewe, ambalo hupakwa shaba. Hapo hakuna gundi ya kuachia. Kwangu mimi hilo linamaliza ubishi wote kwa mtu anayevuka Likoni au anayekaa karibu na ufuo. Herufi mbili hizo zinapima msuguano, ya kwanza pedi ikiwa baridi na ya pili ikiwa na moto. H ni zaidi ya 0.55, G ni kati ya 0.45 na 0.55, F ni kati ya 0.35 na 0.45. Pedi za unga wa chuma pia hushika vizuri zikiwa zimelowa, na sisi tunatoka kwenye gati tumelowa. Zina lawama yake: hula diski zaidi, basi pima diski kila unapobadilisha pedi. Vesrah za Japani ni nzuri vilevile ukizipata, ila mimi EBC siachi.

Ya pili ni pedi za kampuni iliyounda pikipiki yako, ziwe za TVS, Bajaj au Honda, zikiwa kwenye pakiti iliyofungwa. Gundi yake ni ya kuaminika na bamba hupakwa rangi vizuri hadi kwenye kingo. Kama Pulsar yako ina kalipa iliyoandikwa Bybre, nunua pedi za Bybre. Hiyo ni chapa ya Brembo ya Italia kwa pikipiki ndogo.

Ya tatu ni spea za India zenye jina, kama ASK na Allied Nippon. Hapa ndipo ninapowaweka pia ndugu zangu wa boda, maana Boxer nyingi mjini bado zina breki za ngoma, zinazotumia shuu, na pedi haziwahusu. Lakini ugonjwa ni uleule. Lainingi ya breki shuu hugandishwa juu ya alumini, na ikibanduka haina pa kuangukia: inakwama kati ya shuu na ngoma, na tairi inaweza kufunga ghafla na abiria yuko nyuma. Chukua breki shuu za Bajaj wenyewe au za ASK. Kila fundi akifungua gurudumu kwa sababu nyingine yoyote, mwambie akuoneshe kingo za lainingi.

Zile zisizo na jina, za kwenye mfuko wa nailoni, sina la kusema. Usinunue.

Zikishafungwa, ukivuka feri pitisha maji matamu kwenye kalipa jioni, na pini za kalipa zipakwe grisi ya silikoni, si grisi ya bearing. Mulika kwa tochi ya simu ubavuni mwa pedi. Ukiona mstari wa kahawia, zitoe hata kama zina unene.

Bei ndiyo inayonikera. Kontena linashuka hapa hapa Kilindini, tunaliona na macho yetu. Mengine yanapanda reli hadi bandari kavu ya Embakasi, yanafunguliwa Nairobi, kisha pakiti ile ile inarudishwa Mombasa kwa basi na sisi tunalipia safari zote mbili. Ukiuliza Mwembe Tayari kwa nini bei si kama ya Kirinyaga Road ya Nairobi, unaambiwa meli imechelewa. Halafu kuna wauzaji wanaotia pedi za mfuko wa nailoni ndani ya boksi la kampuni. Boksi halali, kilichomo si halali. Tazama namba iliyogongwa kwenye bamba, si iliyochapishwa kwenye karatasi, na uhakikishe zinalingana. Kina dada wanatajiwa bei moja, fundi akija na pikipiki ile ile anatajiwa nyingine, kwa hiyo uliza maduka mawili matatu kabla ya kutoa pesa. Na muuzaji akikataa usifungue pakiti uone bamba kabla ya kulipa, mrudishie pakiti yake uende duka la pili.