Kidude cha TV cha USB: mpira ulioota meno

Nilikinunua Kariakoo kwa 45,000, bei ya kuanzia ilikuwa 60. Unachomeka kwenye laptopu, unaunga antena, unatafuta chaneli, kwisha. Kwenye kunasa mawimbi sina neno: hapa Mbagala, antena iko dirishani tu na chaneli za bure zimeingia. Jina lake nalihifadhi. Kero yangu ni programu iliyokuja nayo, tena kwenye CD! Ilibidi niazime kisoma CD kwa jirani.

Taarifa ya habari ilionekana safi, mtangazaji katulia kitini. Jumamosi ikaja mechi. Winga akichomoka tu, miguu inaota meno kama chanuo. Mpira ukipigwa unachanika mistari mistari. Mshkaji wangu akasema, "Kaka, umepigwa, hii feki."

Si feki. Picha za chaneli hizi ni nukta 720 kwa 576, na hazirushwi nzima nzima. Inakuja mistari ya witiri, kisha ya shufwa, nusu picha 50 kila sekunde. TV ya chogo ilizichora hivyo hivyo, kwa zamu. Laptopu inashona nusu mbili kuwa picha moja, wakati winga keshasogea kati ya ya kwanza na ya pili. Meno yanatoka hapo. Mtangazaji hasogei, ndiyo maana yeye alisalimika.

Programu yao haina pa kurekebisha. Nimepekua menyu zote. Sasa naiachia kazi ya kurekodi tu, na faili nalifungua kwa VLC, programu ya bure ya kuchezea video, likiwa bado linarekodiwa. Ukiiacha VLC ijiamulie, mara nyingine haishtuki kwamba kuna meno, basi bonyeza herufi D kuwasha kifuta meno chake. Halafu kwenye menyu ya video chagua njia ya kufuta meno iitwayo Yadif 2x: kila nusu inajaziwa mistari inayokosekana, unapata picha 50 kwa sekunde, na winga anakimbia kama binadamu. Feni ya laptopu yangu kuukuu inalia kama bajaji inayopanda mlima, ila inavumilia. Ikikushinda, njia ya Bob, humo humo kwenye menyu, ni nyepesi, lakini maandishi yanayopita chini yatatetemeka. Blend usiguse, mpira unatembea na mzimu wake.

Kidude nakipa nyota nne, programu yake moja, nayo ni ya huruma. Shida iliyobaki ni kwamba tunaangalia nyuma kwa nusu dakika hivi, na jirani ana king'amuzi. Goli tunalijua kwa kelele zake.