Iliki Bora Amani: Mbegu au Chipukizi?

Ukishapata kichaka cha iliki kinachozaa kuliko vingine, utakizidishaje? Mkulima wa Amani, huku Muheza, ana njia mbili, na hazilingani.

Mbegu ni nyingi na rahisi kubeba. Ila ua la iliki huchavushwa na nyuki, na chavua mara nyingi hutoka kichaka kingine, kwa hiyo watoto hawafanani na mama: huyu huzaa sana, yule hutoa maganda mepesi yasiyonukia. Tena mbegu haipendi kuwekwa. Ikikaa ghalani, uotaji hushuka haraka. Ioshe utelezi, uisie ikiwa bado mbichi. Mavuno ya kwanza ni kama mwaka wa tatu.

Chipukizi humrithi mama kwa kila kitu, pamoja na uwiano wa kemikali mbili za harufu yake: sineoli, yenye ukali wa kafuri, na terpinili asetati, yenye utamu. Masika yakianza, kata kipande cha shina la ardhini chenye bua moja lililokomaa na chipukizi changa. Usikifukie sana, kitaoza. Chipukizi huzaa mapema kuliko mche wa mbegu. Balaa lake ni virusi vya mozaiki: vidukari huvieneza, navyo hujificha ndani ya kipande, ukavipanda kwa mkono wako mwenyewe. Kichaka chenye michirizi ya manjano kwenye majani machanga kiache, hata kizae vipi.

Kwa kuzidisha, chipukizi. Kwa kutafuta aina mpya, mbegu tu. Chipukizi haileti kipya. Pima uzito mkavu wa maganda misimu mitatu kabla ya kuchagua, na usihadaike na kichaka cha pembeni kinachopata mwanga zaidi.