Porto usiku wa São João: alama nne kati ya tano, iliyobaki imeliwa na vyoo

Nianze na alama, maana ndizo zinazotafutwa: nne kati ya tano. Porto, mji wa pili kwa ukubwa Ureno, usiku wa tarehe 23 Juni kuamkia 24, husherehekea São João, yaani Mtakatifu Yohana: ni sherehe isiyo na tiketi wala geti, na asiyejua neno hata moja la Kireno haachwi pembeni. Alama moja nimeikata kwa vyoo na kwa adha ya kurudi kulala. Saa zote humu ni za Kiswahili kwa majira ya huko. Kiangazi Ureno iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa mbili.

Kutoka uwanja wa ndege panda Metro, mstari wa E wenye rangi ya zambarau, mpaka kituo cha Trindade katikati ya mji. Ni kama nusu saa. Nauli inapakiwa kwenye kadi ya Andante inayouzwa na mashine za kituoni. Kadi tupu ni senti 60 za yuro, halafu unaijaza safari. Safari ya uwanja wa ndege ni nauli ya kanda nne (Z4), ya katikati ya mji ni ya kanda mbili (Z2). Wageni hukosea mambo matatu. Kwanza, kadi moja ni ya mtu mmoja, haitoshi kugongeshwa mara mbili kwa ajili ya mwenzako. Pili, stesheni nyingi hazina vizuizi, kwa hiyo mtu anapita bila kugusisha kadi kwenye mashine ya njano, anakutana na mkaguzi ndani ya treni na faini inamhusu. Hata ukibadilisha treni, gusisha tena. Tatu, kadi yenye safari za Z4 haikubali kupakiwa Z2 mpaka zile za mwanzo ziishe. Pakia Z4 moja tu ya kukufikisha mjini, ndipo ujaze Z2.

Majengo yatembelee asubuhi ya tarehe 23, usiyaache kwa kesho yake: tarehe 24 ni sikukuu ya mji, maduka mengi yamefungwa na watu wamelala. Stesheni ya São Bento haina kiingilio. Ukumbini kuna vigae vya buluu na vyeupe vipatavyo 20,000 vya msanii Jorge Colaço, na ubao mmoja mkubwa unaonyesha Wareno wakiiteka Ceuta mwaka 1415. Aliyekwisha kuzunguka Fort Jesus pale Mombasa asimame hapo dakika kumi: safari zilizomfikisha Vasco da Gama Malindi mwaka 1498 zilianzia kwenye hamu ile ile. Mnara wa Clérigos una ngazi zaidi ya 200, tena nyembamba. Mwenye magoti mabovu aupite tu. Mandhari ya bure utayapata uani mbele ya kanisa kuu, Sé. Kutoka hapo ngazi za Codeçal zinakuteremsha mpaka mguuni mwa Daraja la Luís I, la chuma, lililofunguliwa mwaka 1886, lenye njia mbili: ya juu ya Metro na waenda kwa miguu, ya chini ikikutoa usawa wa mto. Viatu viwe vya soli isiyoteleza. Mawe ya Porto yamelainishwa na nyayo, na mchana ule yanamwagikiwa bia.

Kwa msemaji wa Kiswahili kuna raha ya pembeni. Utakaa kwenye mesa, utashika copo, juu ya kichwa chako zinaning'inia bandeira, na igreja ndiyo kanisa, neno lile lile lililotuachia gereza. Agiza kwa kujiamini.

Kuanzia alasiri mitaa inajaa vijungu vya manjerico. Watu wa Pwani watautambua mara moja: ni mrehani, wenye majani madogo sana, umekatwa ukawa mviringo kama mpira. Huuinamii kuunusa kwa pua, wenyeji wanaamini utanyauka; unaupapasa kwa kiganja, halafu unanusa kiganja. Juu yake kumechomekwa kibendera chenye ubeti wa mishororo minne yenye vina, mara nyingi wa mapenzi au wa kejeli. Wapenzi wa mashairi yetu watacheka, maana ni mchezo tunaoujua. Nunua mwisho wa matembezi, usije ukabeba chungu cha udongo katikati ya umati.

Kisha nyundo. Kila mtu ana nyundo ya plastiki inayolia pii ikigonga, na wanakugonga kichwani: watoto, polisi waliochangamka, bibi wa miaka themanini. Kwetu kumgonga mkubwa kichwani ni utovu wa adabu. Pale kutomgonga ndiyo ajabu. Chagua nyundo ndogo, ile inayoingia kwenye mkoba, kwa sababu kubwa inachosha mkono kabla ya saa tatu. Gonga kwa kifundo cha mkono, si kwa bega. Miwani ivue au uifunge kamba. Nyundo zilianza miaka ya 1960. Cha zamani zaidi ni alho-porro, ua la kitunguu saumu pori lenye shina refu, wanalokupitishia puani. Linanuka hasa, na harufu haitoki kwenye nguo kwa kusuuza mara moja.

Chakula ni sardini, na hapa sherehe imenipa zaidi ya nilichotarajia. Juni samaki wanaanza kunona. Wanawekwa chumvi ya mawe na kuchomwa wazima kwenye mkaa, mara nyingi bila kutolewa matumbo, kwa hiyo usiwafakamie kama dagaa. Laza samaki juu ya kipande cha mkate, bana ngozi kwa vidole uivute kuanzia kichwani, chambua mnofu wa upande mmoja ukishuka nao kuelekea mkiani, uache tumbo, kisha inua uti wa mgongo mzima mzima na umalizie upande wa chini. Mkate unaliwa mwisho, ukishalowa mafuta, na kwa maoni yangu ndio ulioleta watu wote pale. Pilipili hoho za kuchoma huja kando. Kwa asiyekula nguruwe: caldo verde, supu ya sukuma wiki na viazi, huwekwa kipande cha soseji ya nguruwe, bifana ni nguruwe mtupu, na francesinha imejaa nyama hiyo kati ya mikate. Sardini hawana shida, ila uliza kama jiko ni lao peke yao. Ukikaa mgahawani, mkate, zeituni na jibini vinavyoletwa bila kuagizwa vinalipiwa. Rudisha kabla hujagusa. Vibandani beba fedha taslimu, noti ndogo.

Giza linaingia saa tatu na kitu usiku, ndipo yanapoanza maputo ya karatasi yenye moto. Puto moja linahitaji watu watatu: wawili wanyooshe karatasi pande zote, mmoja awashe kipande cha nta chini. Kosa kubwa ni haraka. Ukiliachia mara tu linapovimba, linalala upande, karatasi inagusa moto na kuanguka likiwaka juu ya watu. Lishike kingo za chini mpaka ulisikie linavuta lenyewe kwenda juu, hapo ndipo uliachie, tena mahali pasipo nyaya. Miaka yenye hatari kubwa ya moto wa misitu serikali huyapiga marufuku, kwa hiyo uliza kabla ya kununua.

Sasa jambo linaloamua usiku wako. Fataki hupigwa saa sita usiku juu ya mto Douro, na Daraja la Luís I hufungwa kwa watu kabla ya muda huo. Ukingo utakaokuwepo ndio utakaobaki nao. Upande wa Gaia, mji wa ng'ambo ya mto, bustani ya Jardim do Morro na kilima cha Serra do Pilar vinaona mji mzima ukiwaka nyuma ya fataki. Ni bora kwa macho, ni vibaya kwa anayelala Porto. Upande wa Porto, Ribeira, mtaa wa kando ya mto, iko karibu mno na inabana, hata kugeuka ni shida ifikapo saa nne. Pendekezo langu ni Fontainhas, kwenye ngema mashariki ya daraja: kuna muziki na vibanda, na njia ya kurudi haikulazimishi kupita ukingoni. Mwenye watoto asishuke Ribeira kabisa. Pangeni mahali pa kukutana kwa jina la mtaa, kwa sababu simu husumbua watu wote wakirusha video kwa pamoja. Beba sweta: upepo wa kaskazini unaoitwa nortada unashusha joto mpaka kama nyuzi 15, hauna undugu na kaskazi yetu.

Vyoo ni vichache, foleni ndefu, na kufikia saa tano karatasi imeisha. Ingia cha mgahawa unapokula, na beba tishu zako. Wakati wa kurudi, Metro kwa kawaida hutembea usiku kucha, lakini mlango wa São Bento unazibwa na umati mara fataki zikiisha. Panda kwa miguu hadi Trindade, zaidi kidogo ya kilomita moja ya mlima, au kaa kwenye dansi ya mtaani mpaka saa nane. Vijana wenye nguvu hufuata mto hadi Foz, unakoingia baharini, kama kilomita sita, wakaruke mioto ufukweni na kusubiri jua la saa kumi na mbili.

Tarehe 24 mchana kuna mashindano ya rabelo, mashua bapa zilizokuwa zikishusha mapipa ya mvinyo kutoka bonde la Douro. Kila moja ina tanga moja la mraba lenye jina la kampuni ya mvinyo. Zinatoka mlangoni mwa mto na kumalizia karibu na daraja, kwa hiyo Cais de Gaia, ukingo wa upande wa Gaia, panatosha. Pakiwa na upepo zinakwenda vizuri. Pasipokuwa na upepo zinajikokota, utakuwa na muda wa kuzisoma majina yote.